Kabla Hakimu Hajasema

6 Februari

Mwanangu Fundi,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana nakujua, ukichana bahasha midomo tayari inasema shikamoo. Nimefika salama. Kiti changu kilikuwa juu ya tairi, na kila tulipovuka tuta magoti yalinikumbusha umri wangu. Msalimie baba yako, mwambie dada yake hajaibiwa, hajapotea na hajajuta. Msalimie wifi yangu pia. Sweta aliyonilazimisha kuibeba ndiyo niliyoivaa hivi ninavyoandika. Mumeo naye nimeondoka sijamshukuru vya kutosha kwa kunibebea begi mpaka kituoni. Mfikishie shukrani zangu.

Simu nimeiacha kwenye droo makusudi, msihangaike kupiga. Maisha yangu yote ya kazi nimekaa chini ya meza ya hakimu nikipiga chapa maneno ya watu, bila kuongeza nukta wala kupunguza tusi. Nimesikia sauti za kutosha. Kwa miezi hii michache, mwenye neno na mimi aliandike.

Chumba nilichopanga kiko nyuma ya duka la vifaa vya umeme, ghorofa ya pili. Kina kitanda cha mtu mmoja, meza, ndoano za nguo ukutani na dirisha linalotazama mapaa ya bati. Mwenye nyumba aliniletea chai kwenye sinia yenye vikombe viwili, akaniuliza mwenzangu anafika lini. Nikamwambia ameshafika, ndiye huyu unayemwona. Alicheka, lakini kikombe cha pili hakukiondoa.

Jioni nikaingia mgahawani peke yangu. Nimekula na wazazi, nimekula na ndugu, nimekula na makarani wenzangu, lakini kukaa mezani mgahawani mimi na sahani yangu tu, sijawahi. Mhudumu akaja, akakibeba kiti cha pili akakipeleka kwa wengine. Nilidhani nitaona aibu. Nikajikuta nimenyoosha miguu pale kiti kilipokuwa.

Kesho warsha ya uchoraji inaanza. Wanaifanyia kwenye gereji ya zamani ya mabasi. Nimeshapanga maswali yangu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Mimi shangazi yako.


20 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako imefika na pembe moja imeloa, lakini kila neno linasomeka. Huku hatujambo. Mama anasema alijua tu ile sweta itakusaidia, na amelisema hilo kwa kila aliyepita mlangoni. Baba naye hajambo, ila amewaambia watu umekwenda kozi ya kompyuta. Nilimuuliza kwa nini, akasema kompyuta inaeleweka.

Kazi zipo. Wiki hii namtengenezea meno ya bandia mwalimu mmoja wa kwaya, meno ya juu yote. Ameniomba nimwachie pengo lake la mbele kama lilivyokuwa kwenye meno aliyozaliwa nayo, maana bila pengo anadai sauti yake inakosa njia. Daktari alisema haiwezekani. Nimeshachonga nta ya kwanza, na pengo lipo.

Mimea yako nainywesha. Ile ya dirishani imetoa jani jipya. Halafu huyo jirani yako wa ghorofa ya juu anafanya kazi gani? Anaburuza viti kabla hakujakucha, kama mtu anayehama, kisha kimya.

Mume wangu hajambo. Ana shughuli nyingi.

Shangazi, kuna kitu nataka nikuambie. Siku ile kituoni ulipanda basi na kibegi kimoja na mkoba. Baba alikuwa bado ananung'unika, Mama anafuta machozi, na wewe ukapanda ngazi, ukakaa, basi likaondoka. Hukugeuka hata mara moja. Nilisimama pale mpaka moshi ukaisha. Nilijiambia, kumbe mtu anaweza.

Niandikie kila kitu kuhusu hiyo gereji.

Mwanao, Fundi Meno.


11 Machi

Fundi wangu,

Nisamehe kwa kukawia. Narudi jioni mikono imechoka namna ambayo taipu haikuwahi kunichosha. Nafurahi kusikia mko wazima. Mwambie kaka yangu kozi ya kompyuta inaendelea vizuri. Na huyo mwalimu wa kwaya nimempenda bila kumwona, usimnyime pengo lake.

Sasa gereji. Ni kubwa, ina baridi, na ina madirisha ya juu ya vioo vilivyofifia. Sakafuni bado kuna madoa ya mafuta ya mabasi. Tuko wachache, hatufiki kumi. Kila mmoja ana ukuta wake, meza yake, makopo yake ya rangi, na fremu zilizowambwa kitambaa kizito.

Mwalimu wetu ni mwanamke mdogo wa umbo, na nadhani ananizidi umri. Tunamwita Bibi Kisu, na si kwa ukali. Hatumii brashi. Anapaka rangi kwa kisu bapa kisicho na makali, kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, halafu anakwangua nusu ya alichopaka. Siku ya kwanza hakutoa hotuba. Alisimama mbele ya fremu tupu akaanza kazi, akapaka, akakwangua, akapaka tena, mpaka jua likahama kutoka dirisha moja hadi la pili. Hakuna aliyekohoa. Mimi nilikuwa nimekuja na maswali yangu nimeyapanga, yote yakaniishia mdomoni. Nimewaona mawakili hodari wakifanya kazi, nimeona mahakimu waliokuwa wakiingia chumba kinanyamaza, lakini sijawahi kuona mtu ambaye mikono yake haimuulizi chochote.

Hatuchori mtu, wala mti, wala nyumba. Mmoja wetu alimuuliza kwa nini. Akajibu, "Mti uko hapo nje, nenda ukauone. Mimi nataka kile ambacho huwezi kunionyesha kwa kidole."

Jirani yangu wa ukutani ni mzee aliyekuwa akiendesha malori, tunamwita Dereva. Ametumwa na mkewe. Alimwambia, umestaafu, umekaa kwenye kochi mpaka limeshika umbo lako, nenda ukajifunze kitu. Basi huyu Dereva, mwanangu, ana moyo wa simba. Juzi alipaka fremu nzima nyekundu, kisha chini kabisa akapitisha mstari mmoja mwembamba, mweusi. Nilipoutazama nilihisi breki. Nilihisi kabisa gari zito linasimama na mwili wangu unakwenda mbele.

Bibi Kisu akaja, akaitazama muda mrefu, akamuuliza, "Unapenda sehemu gani zaidi?"

Dereva akaonyesha ule mstari.

"Basi uondoe. Umeanza kuulinda, na sehemu nyingine zote zinauogopa."

Sote tuligeuka. Dereva alisimama, akachukua kisu akaukwangua wote. Mimi ningelia. Asubuhi yake alikuja mapema kuliko sisi, na alichokifanya pale palipokuwa na mstari kiliupita mstari kwa mbali. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Nilikasirika sana jana, dada. Mke wangu nyumbani ataniona nimebadilika."

Nipe habari zako. Na mumeo, hizo shughuli zake hazijaisha?

Shangazi yako.


15 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Najua nimechelewa mno. Nilianza barua mbili nikazichana. Wote hatujambo. Jirani wa Baba amemletea kompyuta iliyokufa, anataka uitazame ukirudi. Iko sebuleni imefunikwa kitambaa, na Baba anapita pembeni yake kama mtu anayepita msibani.

Mwalimu wa kwaya amevaa meno yake. Alisimama kwenye korido ya kliniki akaimba, wagonjwa wakatoka kwenye benchi kuja kumtazama. Daktari alinipigapiga begani. Nilirudi mezani kwangu nikakaa kidogo bila kugusa kitu.

Lakini nina kesi na wewe. Umeniandikia kurasa nne. Nimemjua Bibi Kisu mpaka namna anavyoshika kisu, nimemjua Dereva, mkewe na kochi. Nimerudia kuisoma barua nzima, na hakuna neno hata moja kuhusu ulichochora wewe. Miezi miwili sasa. Shangazi, unachora nini?

Mume wangu hajambo.

Fundi.


27 Aprili

Mwanangu,

Nimecheka peke yangu mpaka mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza kama kuna heri. Umenishika vizuri, ungefaa kuwa wakili. Mwambie kaka yangu ile kompyuta aiache hivyo hivyo na kitambaa chake, nitamletea rambirambi.

Nitakujibu, maana umeuliza kwa haki. Nimechora mistari, na sikukusudia. Nilianza na rangi ya chungwa na buluu nikidhani natupa rangi ovyo, nikarudi nyuma, nikaona zimejipanga kutoka kushoto kwenda kulia, mstari chini ya mstari, na nafasi pembeni. Nikageuza fremu ikalala, nikajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Wiki nenda wiki rudi. Wenzangu kuta zao zinawaka moto, ukuta wangu unafanana na jalada la kesi. Ndiyo maana sikukuandikia. Nilikuwa narudi chumbani kila jioni nikifikiria nauli ya kwenda nyumbani.

Bibi Kisu alinivumilia mpaka Jumatatu iliyopita. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Bado unaandika," akasema.

"Ndiyo."

"Maneno ya nani?"

Nikamwambia sijui, ya watu. Akanivuta kiti, nikakaa. Akaniambia nifunge mikono mgongoni, nisiguse rangi siku hiyo. Nikumbuke tu mahali ambapo mikono yangu haikuwa na la kuandika.

Nilikaa pale mpaka saa ya chai. Na nikapakumbuka. Mahakamani, Fundi, baada ya kila mtu kumaliza kusema, hakimu hukunja karatasi zake, huvua miwani, na kabla hajafungua mdomo kuna kimya. Mshtakiwa amesimama. Mama yake yuko kwenye benchi. Vidole vyangu viko juu ya mashine, havijagusa kitu. Hakuna aliye na hatia bado wala aliyeachiwa. Wakati mwingine kinakuwa kifupi kama kupiga chafya, wakati mwingine kinarefuka mpaka unasikia saa ya ukutani. Nimekaa ndani ya kimya hicho maelfu ya mara, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa popote, kwa kuwa kimya hakipigwi chapa.

Hicho ndicho ninachokichora. Nimeanza fremu kubwa kuliko zote. Nakijua kuwa ni cheupe, lakini weupe unanikatalia. Kila ninachopaka kinakuwa ukuta wa hospitali. Wewe unashinda na weupe kutwa nzima, nisaidie.

Nimemaliza, na sasa zamu yako. Umesema jirani wa juu anaburuza viti kabla hakujakucha. Ni kweli anaburuza, nimeishi chini yake miaka mingi. Lakini mtu anayekuja kunywesha mimea huja mchana, hunywesha, hufunga mlango na kuondoka. Hawezi kuvijua viti vile. Na kila barua mumeo hajambo, hajambo, kama sanamu.

Sikulazimishi. Ufunguo ni wako, shuka ziko kabati la juu, zile nene.

Shangazi yako.


9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku Mama amepona mafua, Baba anakusalimia, jani la dirishani limekuwa matatu. Shuka nene nilizipata zamani.

Naishi kwako tangu jioni ile uliyoondoka.

Mwezi wa Januari mume wangu aliitwa ofisini kwao, wanakouza mashine za shambani, wakamwambia anahamishiwa tawi jingine, mbali. Akakubali hapo hapo akatia sahihi. Nyumbani akanieleza tukiwa mezani. Akasema niandike barua ya kuacha kazi, tutahama mwisho wa Februari. Hakuniuliza. Aliniarifu, kama wanavyoarifu kwamba umeme utakatika. Nikainuka nikaosha vyombo, nikasema siendi. Alidhani natania. Nikasema tena. Tangu hapo hatukusemezana, ila mbele za watu. Siku alipokubebea begi tulikuwa tumetembea kutoka nyumbani mpaka kituoni bila neno, ndiyo maana aling'ang'ania kulibeba, apate cha kushika.

Si mtu mbaya, Shangazi. Hajawahi kuniinulia mkono wala sauti. Ni kwamba alipotazama maisha yetu hakuona kama na mimi nina mahali ninapokwenda kila asubuhi. Ameona mshahara wangu, ameona koti langu jeupe kwenye kamba, lakini meno hajayaona. Watu wanaingia kliniki wamefunika midomo kwa mkono, wanatoka wanacheka, na katikati ya hapo nipo mimi.

Basi lako lilipoondoka nilirudi nikafungasha. Amehama peke yake, na nyumba tuliyopanga ameirudisha. Wazazi wanadhani nasubiri kumalizia kazi kisha nimfuate. Baba akijua ataitisha kikao, na mimi kwenye kikao sauti hunikimbia. Ndiyo hayo. Zile barua mbili nilizozichana zilikuwa na maneno haya haya.

Sasa weupe. Shangazi, hakuna jino jeupe. Mezani nina vijino vya mfano, kutoka vya manjano mpaka vya kijivu, na kila mtu anayekuja anataka meno meupe kama karatasi. Ukimpa, akicheka unaona vikombe vimepangwa mdomoni. Jino hai lina manjano kidogo shinani, katikati kuna ukijivu, na nchani, pale ambapo mwanga unakaribia kupita, kuna ubuluu mwembamba sana. Huuoni. Lakini usipoutia, jino linakufa. Mimi natia tabaka moja jembamba, naliacha, natia jingine juu yake, ili la chini lionekane kupitia la juu. Nyeupe tupu siitii popote, isipokuwa tone moja pale mwanga unapogonga. Jaribu hivyo. Sijui kama kimya kina shina na ncha, lakini jaribu.

Nimejisikia mwepesi kuandika hii. Usiniambie nirudi kwake, tafadhali, angalau si kwenye barua ijayo.

Mwanao.


14 Juni

Mwanangu mpenzi,

Nimekawia, na safari hii nina sababu nzuri. Afya njema, mguu ule wa kushoto unanisumbua kwa kusimama, si kitu. Nawasalimia wote.

Sikuambii urudi, wala sikuambii usirudi. Nimesikiliza kesi za watu na ndoa zao mpaka nikajua kwamba aliye nje haoni hata nusu. Ninalokuambia ni hili. Bibi Kisu ameniomba nibaki baada ya warsha. Anaanza kundi jipya na anahitaji mtu wa kumsaidia kuwamba vitambaa, kuchanganya rangi, kukaa na wale ambao mikono yao imewagomea, kama yangu ilivyonigomea. Nimekubali. Sikulala nikalifikiria, nilikubali tukiwa tumesimama. Kwa hiyo nyumba haina mtu wa kurudi hivi karibuni. Kaa. Usikae kama mgeni, hamisha kabati ukitaka, ile meza ya dirishani ifanye ya kwako. Jirani wa juu ni mwokaji wa mikate, ndiyo maana ya viti. Mgongee mlango umsalimie, utakula mikate ya moto.

Na usinijengee mnara kwa ile habari ya kutogeuka. Sikugeuka kwa sababu nilikuwa nalia, na kaka yangu angeyaona machozi angenishusha. Nililia mpaka tuta la nne. Wewe ulisema hapana ukiwa umemtazama mtu usoni, mtu unayempenda, ukasema mara ya pili alipodhani ni utani, ukaendelea kwenda kazini mpaka ukachonga pengo la mwalimu wa kwaya. Mimi nilipanda basi. Tusilinganishe.

Sasa sikiliza kuhusu weupe. Barua yako niliibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Nikaanza chini na manjano hafifu kama maziwa yaliyokaa. Nikaacha ikauke. Nikaja na kijivu, nikakwangua, nikaja tena. Nilifanya hivyo siku nyingi, hakuna mtu angesema kuna kinachoendelea, fremu ilikuwa nyeupe asubuhi na nyeupe jioni. Dereva alikuwa ananiuliza kila siku, "Dada, tumefika wapi?" namjibu bado tuko njiani. Kisha nikatia ubuluu wako pembeni juu, mwembamba, karibu niuogope. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa meza.

Kilikuwepo. Ule ukimya wenyewe. Nilisikia koo la mtu likimeza mate, nikajua ni langu.

Dereva alikuja akasimama kando yangu. Hakujua ni picha ya mahakama, sikuwa nimemwambia mtu. Akavua kofia. Akaishika mkononi, akasema, "Mke wangu alipoingia chumba cha kujifungulia, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje. Nilikuwa nimekaa hapa." Akaonyesha katikati ya fremu.

Bibi Kisu alifika mwisho. Nilingoja aniulize ninapenda sehemu gani, nilishajiandaa kukwangua. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwenye meza yangu, akachukua kisu changu, akakifuta rangi kwa kitambaa, akakiweka kwenye droo. Hilo tu. Dereva aliniambia baadaye kwamba kwa miezi yote hii hajamwona akimfanyia mtu hivyo.

Maonyesho ni tarehe 28, Jumamosi. Ni hapa hapa gereji, hakuna sherehe kubwa. Sikuombi uje. Nakuambia tarehe tu.

Shangazi yako.


12 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na habari za tangu tuachane. Nilifika salama, kiti cha nyuma kabisa, nimechubuka kiwiko. Mwokaji anakusalimia. Nimehamisha meza.

Sikukuandikia kabla ya kuja kwa kuwa sikuwa na uhakika kama nitathubutu, na tulipokuwa wote gereji sikupata nafasi ya kukueleza yaliyotangulia, watu walikuwa hawakuachi. Niyaseme sasa.

Nilimwambia Baba wiki moja kabla ya maonyesho kwamba sihami, na kwamba naishi kwako. Sikungoja kikao. Nilimwambia akiwa anakata kucha uani. Alimaliza kucha za mguu mmoja akaingia ndani. Kesho yake asubuhi akaja kliniki. Shangazi, miaka yote hii Baba hajawahi kukanyaga kazini kwangu. Alikuja na maneno yake, yalikuwa yanaonekana usoni, lakini nilikuwa nimeshika jino la mama mmoja, rangi haijakauka, nikamwambia Baba subiri kidogo, kaa hapo. Akakaa. Kidogo ikawa asubuhi nzima. Nikimaliza moja ananiuliza, "Na hili la nani?" Namwambia. Akaniona nikitia ubuluu, akasogeza kiti, akavaa miwani. Yule mama alipokuja kujaribu meno yake akajitazama kwenye kioo, akamgeukia Baba kana kwamba anamjua, akamchekea. Baba akamchekea naye. Saa ya chakula akainuka, akasema, "Kumbe ndiyo kazi yenyewe," akaondoka. Lile aliloliandaa hajalisema mpaka leo. Kikao hakikuitishwa.

Mume wangu alikuja pia, mwisho wa mwezi wa tano. Nilimkaribisha jikoni kwako. Akasema, "Nilipaswa kukuuliza kabla ya kutia sahihi." Nikamwambia ndiyo, ulipaswa. Akasema, "Basi nakuuliza. Unataka tufanyeje?" Nilikaa muda mrefu sijui la kusema, na yeye hakunijazia maneno mdomoni. Nikamwambia nitabaki kazini, na yeye aje anapoweza, tuanze hivyo tuone. Ameshakuja mara mbili. Sijui tutafika wapi, Shangazi. Lakini aliuliza swali, akangoja jibu. Hilo ni jipya kwetu.

Sasa kuhusu picha yako. Pale gereji ulinitazama unataka niseme kitu, nami nikakushika mkono tu. Nimejaribu kuandika nilichokiona, sentensi zote nimezifuta. Najua manjano yale yalipo, najua kila tabaka, ungeniuliza ningekuonyesha pale ulipotia ubuluu kwa woga. Lakini nilipofika mbele yake yote hayo niliyasahau. Nilitaka kukaa chini sakafuni. Dereva akaniletea kiti bila kuniuliza. Mtu wa dhahabu yule.

Nilimpelekea Baba ile picha ndogo niliyopigiwa na Dereva, wewe umesimama kando ya fremu yako. Akaileta karibu na taa. Akaigeuza upande huu, akaigeuza ule. Mama akauliza ni picha ya nini, Baba akamwambia ngoja kwanza. Alikaa nayo mpaka chai ikapoa.

Halafu akasema, "Alikuwa akirudi kutoka mahakamani anakaa pale penye ngazi na viatu vyake, hasemi na mtu. Mama yetu alikuwa akitukataza tusimsemeshe. Tulidhani ana maringo." Akaiweka picha mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Kumbe ndiko alikokuwa."

Jana jirani yake alipita, akamuuliza dada yake atamaliza lini kozi ya kompyuta. Baba akamjibu, "Kompyuta gani? Dada yangu ni mchoraji."

Mwanao akupendaye,
Fundi.